Mafya ya Bi Ivadne

Bi Murdella, ambaye uzio wake wa mabati umepakana na kiwanja cha akina Ionie, anadai kwamba aliyaona yote kwa macho yake mawili. Anasema siku ya pili baada ya Bi Ivadne kuzikwa, Ionie alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akamfukuza Jasneth kama mtu anavyofukuza kuku aliyeingia penye unga. Anasema mwiko ulirushwa. Anasema hata mbuzi waliofungwa nyuma ya choo walilia. Na kila anapoisimulia habari hiyo, iwe dukani au kanisani wakimsubiri mchungaji, mwiko huwa mrefu zaidi na mbuzi huwa wengi zaidi.

Ukweli ni kwamba hapakuwa na mwiko, wala Ionie hakupaza sauti. Jasneth alikuwa ameinama uvunguni mwa meza akikivuta chungu kikubwa cha alumini, kile ambacho huku kwetu hukiita dachi, ili akisugue, kwa kuwa watu wa matanga walikuwa wamekwisha kuondoka. Ionie alimtazama kwa muda, kisha akasema polepole, kama mtu anayesoma jina kwenye msalaba:

"Kiache. Mama alizaa mmoja."

Jasneth alikiacha. Alijifuta mikono kwenye sketi, akachukua kofia yake msumarini, akatoka kwa mlango wa mbele kama mgeni. Tangu siku hiyo mguu wake haukukanyaga tena pale. Mwiko ungemgonga, angepaka mafuta akasahau. Lakini ulimi hauna mfupa, na kidonda chake hakina dawa ya duka.

Jasneth aliingia katika nyumba ile akiwa mtoto wa kunyonya. Mama yake mzazi alikuwa anakwenda Kingston kutafuta kazi, akamwomba Bi Ivadne amshikie mtoto kidogo tu, mpaka apate chumba. Hicho chumba anakitafuta mpaka leo. Basi wasichana wale wawili walilala kitanda kimoja, wakala sahani moja, wakachapwa kwa fimbo moja. Ionie alikuwa mkubwa, Jasneth mdogo. Ila Mungu hakuwagawia sawa. Jasneth alipewa kicheko kilichofika mahali kabla yake, na maneno ya kumfaa kila mtu. Ionie alipewa macho. Alikuwa mtu wa kukaa pembeni na kutazama, na anayetazama tu husahauliwa upesi. Alipofika umri wa kujitegemea, Jasneth alipanga chumba kule njia panda, akawa msusi, lakini hakuna siku iliyopita bila yeye kuja kunywa chai kwa mama.

Siku ya maziko, udongo ulipokwisha kutupwa, watu walimkimbilia Jasneth kwanza wakamkumbatia, maana yeye alikuwa analia kwa sauti. Machozi ya Ionie yalikuwa yakienda ndani, kama maji yanavyonywewa na ardhi yetu nyekundu bila kuacha alama. Alisimama peke yake na leso kavu mkononi. Donge lililomkaba kooni siku ile ndilo lililotoka siku ya pili likawa neno.

Na chungu kile hakikuwa chungu cha hivi hivi.

Kila mwaka, jua la Julai linapokuwa kali kuliko yote, uwanja wetu wa kriketi hugeuka kuwa uwanja wa tamasha la rege. Watu huja kutoka kila parokia ya Jamaika, kama tunavyoiita mikoa yetu, na hata ng'ambo. Masanduku ya spika hupangwa yakawa marefu kama nyumba. Wengi huwafuata waimbaji. Lakini wapo wazee wa Kirasta wanaoishi juu mlimani, ambao asubuhi ya siku hiyo hushuka kwa miguu wakiwa wamefunga, hawajatia kitu kinywani, nao hufungulia katika chungu cha Bi Ivadne. Bi Ivadne mwenyewe hakuwa Mrasta. Alikuwa mama wa kanisa la Kibaptisti, mwenye kofia nyeupe ya Jumapili, lakini aliwapikia walavyo wenyewe: mbaazi kwa tui zito la nazi, shelisheli, boga na pilipili nzima isiyopasuliwa, bila nyama wala chembe ya chumvi. Mchungaji alipomuuliza kwa nini anawapikia watu wa imani nyingine, alimjibu, "Baba Mchungaji, njaa haina dhehebu." Wazee wakishakula, mkubwa wao huomba dua, na ndipo ngoma ya kwanza hupigwa. Imekuwa hivyo tangu tamasha lilipoanza.

Mafiga aliyopikia, mafya kama wengine wanavyoyaita, yalikuwa mawe matatu meusi yaliyotolewa katika mto ulio ng'ambo ya mlima. Mawe ya hapa kwetu ni meupe, ya chokaa. Ukiyawashia moto hupasuka, na hilo hata mtoto analijua. Lakini Bi Ivadne hakuyaweka mafya yake pamoja. Moja alikaa nalo yeye, la pili lilikaa kwa Mzee Zadok, Mrasta mwenye ndevu nyeupe aliyemtunzia moto, na la tatu alimpa Jasneth siku alipohamia njia panda. Ikifika siku ya tamasha, kila mmoja huja uwanjani na jifya lake. Watu walimcheka. "Bi Ivadne, si uyaweke yote kwako upunguze taabu?" Naye aliwajibu, "Nikiyaweka yote kwangu, nitakuja kudhani chungu ni changu."

Sasa yeye alikuwa amelala nyuma ya nyumba, ndani ya kaburi jipya la saruji, kando ya wazazi wake. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza chungu kupikwa bila yeye. Ionie alikuwa ameapa moyoni kwamba hakitakosekana uwanjani. Na aliapa jambo la pili, ambalo hakumwambia mtu: kwamba mwaka huo, angalau mara moja, watu wangemtazama yeye.

Tamasha lilipokaribia, Mzee Zadok alifika langoni na fimbo yake.

"Shika mbwa!" aliita, kama desturi yetu ya kupiga hodi, ingawa nyumba ile haikuwa na mbwa tangu zamani.

"Ingia, mzee. Mbwa ni mimi tu."

"Basi usining'ate, binti, nyama yenyewe imeisha." Alikaa barazani, akapokea kikombe cha chai. "Nimekuja kwa habari ya chungu. Kuni zangu zimekauka, hazina moshi. Nazi ataparuza nani?"

"Mimi."

"Maji?"

"Mimi."

"Kuonja je?"

"Mimi, mzee. Mwaka huu nitapika mwenyewe. Wewe pumzika."

Mzee Zadok alikizungusha kikombe kiganjani. "Mimi sijachoka, mwanangu."

"Nataka watu wajue chungu hiki kina mtoto wa kukirithi."

"Wanajua. Wanajua kina watoto wawili."

Ionie aliinuka, akakichukua kikombe mkononi mwa mzee, akaenda kukiosha. Chai ilikuwa haijafika nusu. Mzee Zadok alimwelewa. Alishika fimbo yake, akasema, "Jua linakuwa kali, nitembee mapema," akaondoka. Ionie alisimama dirishani akimtazama akipanda kilima kidogokidogo. Moyo ulimwambia amwite. Mdomo ulikataa.

Basi alijifunga kibwebwe. Jua la wiki ile lilikuwa la kupasua vichwa. Mvua ilikuwa imetuaga tangu Mei, nyasi za uwanjani zilikuwa za rangi ya mkate, na tangi la maji ya mvua ukiligonga liliitika kwa sauti ya utupu. Ionie alikisugua chungu kwa majivu na mchanga hadi kikang'aa kama mwezi mpevu. Alipiga pasi gauni lake la manjano, akalitundika mlangoni. Alifuma upya ukingo wa kofia yake ya ukindu uliokuwa umechanika. Kisha akaketi barazani kuchambua mbaazi.

Kazi hiyo huwa ya watu wawili. Miaka yote Jasneth alikaa upande wa pili wa ungo, na mbaazi mbovu alimrushia Ionie kwenye nywele, mpaka Bi Ivadne awatishie wote kwa kandambili. Sasa mbaazi mbovu zilidondoka ndani ya kopo moja moja, ti, ti, ti, kama mvua inayojaribu kunyesha ikashindwa. Alipochoka alikwenda kuchemsha chai ya majani machungu, na bila kufikiri alimimina vikombe viwili. Alivitazama. Alikunywa cha kwanza, kisha akanywa na cha pili, maana kumwaga chai ni vibaya.

Kutoka uwanjani mafundi walikuwa wanajaribu spika. Besi ilikuja chini kwa chini, ikapita ardhini, ikapanda miguu ya kabati, vyombo vikagongana kana kwamba kuna watu wengi mle ndani wanakula.

"Ionie!" Kichwa cha Bi Murdella kilichomoza juu ya uzio. "Wewe mtoto, jua lote hili unaparuza nazi nje, unataka tukuzike pembeni ya mama yako?"

"Kivuli ndicho kilichohama, Bi Murdella. Mimi sijaondoka."

"Na mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu nani?"

"Haya, jitie hamnazo. Nimempita njia panda, anasuka watu wa tamasha, foleni mpaka barabarani. Anacheka na huyu, anacheka na yule. Lakini mimi namjua mtu anayecheka kwa meno peke yake." Ionie aliendelea kuparuza. "Nije nikusaidie? Mikono ninayo, yote mizima."

"Nashukuru, mama. Naweza."

"Naweza, naweza! Marehemu aliweza kila kitu, na hata siku moja sikumsikia akisema naweza."

Kichwa kikatoweka. Ionie alizisikia kandambili za Bi Murdella zikienda zake, pata, pata, na alitamani azisikie zikirudi. Bati la kuparuzia lilikuwa limemchuna vidole, tui la kwanza likatoka na wekundu kidogo. Alilimwaga, akaanza upya.

Lililobaki lilikuwa mafya. Jifya lake lilikuwa moja, lile lililokaa chini ya kitanda cha mama. Alihitaji mawili zaidi. Kwenda kuyaomba hakuweza, na mawe meupe ya chokaa alijua yangepasuka. Alizunguka kiwanja chote, akaishia kaburini. Pembeni yake yalikuwepo matofali ya saruji yaliyobaki vijana wa kijiji walipolijenga. Alichagua mawili mazima. Yalikuwa yametulia vizuri, yenye pembe nne, manyoofu kuliko hata mawe ya mto. Hakuna mtu wa kijiji chetu cha Tallow Gap aliyewahi kuinjika chungu juu ya saruji, kwa sababu hakuna aliyewahi kukosa jirani mwenye jifya. Na Ionie hakukumbuka kwamba saruji nayo huzaliwa na chokaa.

"Mama, naazima," aliliambia kaburi.

Mama yake alikuwa na desturi ya kuyaosha mafya kabla ya siku ya kazi, kwa heshima ya watakaokula. Ionie naye aliyaosha. Juu ya jiwe la mto maji yaliteleza yakaanguka. Matofali yaliyanywa, yakatulia, yakanywa tena, kama ng'ombe waliotoka malisho ya mbali. Aliona. Alidhani ni kiu ya jua tu.

Asubuhi ya tamasha alisukuma toroli kwenda uwanjani. Safari ya kwanza ilikuwa ya chungu na mafya. Ya pili ilikuwa ya kuni na maji. Ya tatu ilikuwa ya mbaazi, mashelisheli na ndoo ya tui aliyoifunika kwa gunia bichi lisichachuke. Zamani njia ile waliipita mara moja tu, watatu, ufito umepitishwa kwenye vishikio vya chungu, Jasneth akiimba na Mzee Zadok akimwambia anaimba kama mbuzi. Sasa gurudumu peke yake ndilo lililolia. Jua lilikuwa bado halijapanda, lakini gauni la manjano lilikuwa limekwisha kumganda mgongoni.

Uwanjani pilikapilika zilikuwa zimeanza. Vijana walifunga bendera nyekundu, manjano na kijani. Wauza madafu walinoa mapanga. Mbali kidogo, kwenye kivuli cha turubai, Mzee Zadok alikuwa amekaa juu ya gunia lake akichonga kijiti. Alimwinulia mkono. Ionie aliinamisha kichwa na kuendelea. Karibu na lango, chini ya mwavuli, Jasneth alikuwa anamsuka msichana wa Kingston kwa nyuzi za rangi. Macho yao yalikutana, kisha kila mmoja akageuza yake, kama wagonjwa wawili wasiojuana katika chumba cha daktari.

Ionie alipanga jifya lake upande wa jukwaa, matofali yake pande mbili. Aliinjika chungu, akawasha moto. Kuni zilishika vizuri. Maji yalichemka, mbaazi zikaingia, shelisheli likaingia, mwisho kabisa tui, na harufu ile ya kila mwaka ikapanda ikaanza kutembea uwanjani yenyewe. Watu waligeuza shingo. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, kitu fulani kilimlegea Ionie kifuani.

"Alaa! Hii si ile ya Bi Ivadne?" mtu mmoja wa kubeba spika alisimama.

"Ni ya kwangu," Ionie alisema. "Mimi ni mwanawe."

"Kumbe! Basi pole na msiba, dada." Alimwangalia, akaangalia kushoto na kulia. "Na yule mwanawe anayechekesha watu yuko wapi? Huyo bila yeye mbaazi haziivi!"

Alicheka, akaenda zake na spika yake. Hakuwa na nia mbaya. Ionie alikoroga chungu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Miali ya moto ilikuwa inalamba matofali, nayo yalikuwa yanatoa sauti ndogo, kama mtu anayesaga meno usingizini. Aliisikia. Alifikiri ni kuni.

Ndipo tofali la kwanza lilipolia paa!

"Eh! Bunduki za heshima hata muziki haujaanza!" fundi mmoja alipiga kelele jukwaani, na watu wakacheka. Kicheko kilikuwa hakijaisha tofali la pili nalo lilipopasuka. Vipande viliruka, majivu yakatimka, na chungu kikalala ubavu polepole, kama mzee anayeketi. Ionie alikidaka kwa aproni. Mbaazi za moto zilimmwagikia mkononi, hakukiachia. Alikishikilia peke yake, tui likimiminika mchangani na kunywewa palepale, mpaka alipoweza kukishusha. Nusu nzima ilikuwa imekwenda. Nusu iliyobaki ilikuwa bado mbichi.

Waliocheka walisimama mbali kidogo wakitazama, kila mmoja akidhani kuna mtu wake atakayekuja kumsaidia. Ionie alikaa chini kwenye vumbi na gauni lake la manjano. Hapo ndipo alipoelewa kwamba kutazamwa alikokutaka amekupata, na hakukuwa na ladha aliyoitarajia.

Kitu kizito kikaburuzwa mchangani. Mzee Zadok alikuwa anakuja na gunia lake. Alilifungua, akatoa jiwe jeusi, akaliweka penye majivu.

"Nilikuwa nimelikalia," alisema.

"Mzee, ulijua yatanipata haya?"

"Nitajua wapi? Mimi siku ya tamasha nabeba jiwe langu, niitwe nisiitwe. Miguu yangu haijafundishwa njia nyingine." Alimshika mkono ulioungua, akaupulizia, akaufunga kwa kitambaa chake cha kichwani. "Inuka."

Walijaribu. Jifya lake huku, jifya la mzee kule. Chungu kiliinama upande wa tatu. Walisogeza, kikainama tena.

"Tusukumie kipande cha tofali?" Ionie aliuliza.

"Ulichokiona hakijakutosha?"

Mzee Zadok aliinua macho kuelekea mlimani. Kwenye barabara nyekundu, mbali, palionekana vitu vyeupe vidogo vikiteremka kwa mstari. Vilikuwa vilemba vya wazee. Walikuwa wanatembea taratibu, kama watembeavyo watu wenye tumbo tupu wanaojua kwamba mwisho wa njia kuna chakula.

"Wanashuka," alisema Mzee Zadok.

Ionie aliutazama mwavuli wa lango. Kutoka pale alipokuwa hadi mwavulini hapakuwa mbali, lakini hakuna safari ya toroli iliyomlemea kama hiyo. Njiani alijitungia maneno. Angesema kwamba hasira ya msiba si hasira ya mtu. Angesema kwamba Mama alizaa mmoja lakini aliwalea wawili. Alipofika, jua likimchoma utosini, maneno yote yalikuwa yamekauka.

"Jasneth," alisema, "naomba jifya lako."

Vidole vya Jasneth vilikuwa vinaendelea kusuka. Huku juu ya juu, huku chini ya chini, uzi mwekundu, uzi wa kijani. "Umevuka uwanja wote huu kuomba jiwe?"

Msichana wa Kingston alitaka kugeuka aone. Jasneth alimrudisha kichwa mbele kwa kiganja. "Tulia, mama, nisikutie njia ya mbwa kichwani."

"Sikuja kwa jiwe peke yake," Ionie alisema.

"Mwenye chungu ni mmoja, nilisikia. Sikuwa kiziwi siku ile."

"Nilisema."

"Ulisema. Tena hukusema kwa hasira. Ungesema kwa hasira ningekutukana, ningerudi jioni kunywa chai." Sauti yake haikuwa na kicheko hata kidogo. Bila kile kicheko uso wake ulionekana mdogo na mchovu, na Ionie aliona kitu ambacho macho yake yote, pamoja na kutazama kwake kote, yalikuwa hayajawahi kukiona: kwamba mdogo wake naye alikuwa amevaa nguo ya msiba, kanga nyeusi iliyofungwa kiunoni chini ya aproni ya kazi, mahali ambapo mteja asingeiona.

Kando ya miguu ya Jasneth palikuwa na kapu la vitana. Chini ya vitana palikuwa na kitu kizito kilichofungwa kitambaa. Huenda lilikuwa jifya. Huenda zilikuwa chupa za mafuta ya nywele. Ionie hakuweza kujua.

"Nilikaa ndani ya nyumba ile nikidhani napewa nafasi yangu," Ionie alisema. "Hakuna nafasi mle, Jasneth. Kuna vikombe tu."

Nyuma yao mafundi waliwasha spika zote, na hewa yenyewe ikaanza kutetemeka kwa kungoja. Vilemba vyeupe vilikuwa vimefika kwenye kona ya kanisa. Mzee Zadok alikuwa amesimama kando ya majivu, mkono mmoja juu ya chungu, kama mtu anayemtuliza mnyama.

"Mdogo wangu," Ionie alisema, akiunyoosha mkono wake uliofungwa kitambaa. "Njoo tukainjike. Nakuomba."

Vidole vya Jasneth vilisimama katikati ya msuko. Vilibaki hapo, vimeshika nyuzi, na macho yake hayakuinuka.

Ionie alisubiri juani, mkono ukiwa hewani. Na pale penye majivu chungu cha Bi Ivadne kilikaa chini, nusu kimejaa, mbele ya watu wote, kikiwa shahidi: jifya moja haliinjiki chungu.